Maua ya Harusi Huanzia Kwenye Kalenda

Mdogo wangu alipopanga kufunga ndoa mwishoni mwa Novemba, kamati ya harusi iligawana kazi kama ilivyo desturi yetu hapa Uganda. Mmoja akapewa chakula, mwingine magari, mwingine tenti na viti, na mimi nikakabidhiwa maua. Niliipokea kazi hiyo kwa furaha. Nimekulia kambi ya polisi Nsambya, Kampala, ambako watoto wa Waacholi, Wateso, Walugbara na Waganda tulicheza na kugombana kwa Kiswahili, na mbele ya mlango wetu mama alipanda maua kwenye makopo ya mafuta ya kupikia. Mkono huo aliurithi kwa bibi, mzaliwa wa Mombasa aliyekuja Kampala na mume wake aliyefanya kazi reli. Nyumbani kwetu mtu hakuolewa bila asumini.

Mjomba wetu, mwenyekiti wa kamati, hakuona sababu ya kutoa hela kwa kitu kitakachonyauka kesho yake. "Mwanangu, maua ya plastiki yamejaa madukani Kikuubo," akaniambia. "Tukodishe, turudishe, yaishe." Hoja yake ilikuwa na uzito. Harusi zetu husimama kwa michango, na mwenyekiti ndiye anayeulizwa kila shilingi imekwenda wapi. Nilimwomba jambo moja: kiasi kilichotengwa kwa mapambo kibaki kilekile, ila niachiwe nitafute maua hai. Akakubali kwa shingo upande. Tangu siku hiyo nimekuwa naamini zaidi na zaidi kwamba kiasi cha kawaida kinatosha kabisa kununua maua mazuri yaliyo hai, mradi uchague yale ambayo ardhi ya hapa inayatoa mwezi ule, na mradi kazi umpe mtu anayeyajua tangu yakiwa shambani.

Mtu huyo sikumpata haraka.

Mpambaji wa kwanza niliyemtembelea ana duka katikati ya jiji. Alinipokea vizuri, akanikalisha, akanipa simu yake nipitie picha. Zilikuwa nzuri mno: meza za mbao nyeupe, mapeoni makubwa ya waridi, tulipu, majani ya kijivu. "Chagua tu, nyabo, chochote unachotaka kitapatikana." Nilimuuliza mapeoni yale atayatoa wapi mwezi wa Novemba. Peoni haichanui mpaka mmea wake upitie miezi ya baridi kali, na tulipu ni hivyo hivyo. Mashambani Uganda hatuna baridi ya namna hiyo, hata kule Kabale milimani. Kwa hiyo yakija, yatakuja kwa ndege, kwa bei ya ndege. Akasema tutapanga baada ya malipo ya kwanza. Nikamshukuru nikaondoka. Sikumwona kuwa mtu mbaya, lakini picha zile zilikuwa za nchi nyingine na majira mengine, naye hakuniuliza hata mara moja harusi ni lini na itakuwa wapi.

Wa pili ni kampuni kubwa, yenye chumba cha baridi na vijana waliovaa sare. Walikuwa safi, na mkataba wao ulikuwa umeandikwa vizuri. Nikaomba kuona chumba cha baridi. Ndani mawaridi yalikuwa yamepangwa vizuri kwenye ndoo, na pembeni yake, kwenye ubaridi uleule, walikuwa wameweka helikonia, yale maua mekundu na ya manjano yanayoning'inia kwa ngazi. Kingo zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi. Waridi hupenda baridi ya nyuzi 2 hadi 5, ndiyo maana husafirishwa kwenye friji. Helikonia ni mmea wa joto. Ukiuweka kwenye baridi hiyo unaungua. Mtu anayeweka vyote viwili chumba kimoja amezoea kufanya kazi na waridi tu, na kweli pakeji zao zote zilikuwa za waridi, Januari hadi Desemba, bei ileile. Kwa anayetaka waridi tupu wangemfaa sana. Sisi tulikuwa na sherehe ya bustanini, Entebbe, kando ya ziwa, mwezi wa mvua, na mdogo wangu alitaka watu wakifika waone wako Uganda.

Jina la yule wa tatu nililipata kwa mama mmoja wa kanisani kwetu. "Nenda Entebbe," akasema, "kuna mama pale, mume wake alikuwa askari, mtasikilizana." Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, chini ya kibanda cha mabati na nyavu za kivuli, amezungukwa na ndoo. Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha kambini. Kabla hajanionyesha chochote alianza kuuliza. Harusi tarehe ngapi? Kanisani saa ngapi, na wageni wataanza kukaa saa ngapi? Tenti ni jeupe au la rangi? Upande wa ziwa mmefunga pazia au mmeacha wazi? Bi harusi ana urefu gani, na gauni lina mkia? Upande wa bwana harusi ni watu wa wapi? Nani ana mafua ya maua katika familia? Jiko la wapishi litakuwa upande gani wa tenti?

Hilo swali la jiko lilinishangaza, akanieleza. Ndizi zinazoiva, kama bogoya zile zinazowekwa kwa ajili ya matunda, hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huzeesha maua haraka. Karnesheni ni kati ya zinazoumia zaidi. Inajikunja petali kwa ndani na kulala, na mtu atafikiri imekosa maji. Katika nchi hii ambako hakuna sherehe bila ndizi, mpambaji lazima ajue chakula kinakaa wapi kabla hajashusha ndoo moja.

Nikamuuliza aliyajua wapi mambo haya. Alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la maua la huku Entebbe, katika chumba cha kupanga waridi kwa urefu na ubora, kabla hajaanza shughuli yake mwenyewe. Mashamba mengi ya maua ya kuuza nje yako karibu na Ziwa Victoria, katika wilaya za Wakiso na Mukono, na yalianza kushika kasi miaka ya 1990. Waridi linakatwa asubuhi, linapozwa, linafungwa, na usiku linapanda ndege pale pale Entebbe kuelekea Uholanzi, ambako huuzwa kwenye mnada. Mengine hayapeleki maua kabisa. Yanapeleka vipandikizi vya krisanthemamu, vichipukizi vidogo ambavyo wakulima wa Ulaya huvipanda kwao mpaka vitoe maua. Kinachobaki hapa nyumbani ni kile kilichozidi, au kilichokosa urefu unaotakiwa.

Kisha akanieleza jambo ambalo natamani kila bi harusi wa Kampala alijue kabla hajaanza kulia na mpambaji wake. Entebbe iko karibu mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa joto. Waridi likikulia kwenye joto hukua haraka na kutoa kichwa kidogo. Naivasha, Kenya, iko karibu mita 1,900. Usiku kuna baridi, ua linachukua muda wake, kichwa kinajaa. Ndiyo maana mashamba ya huku kwa miaka mingi yalisifika kwa waridi dogo, na yale makubwa unayoyaona kwenye maduka ya Kampala mengi yamevuka mpaka wa Kenya pale Busia au Malaba. "Wateja wananiletea picha ya waridi la Kenya," alisema, "halafu wanataka bei ya waridi la Entebbe." Yeye hushauri hivi: ukitaka makubwa, yaagize machache kwa ajili ya shada la bi harusi tu, na meza zipambwe kwa madogo ya hapa yaliyofungwa kwa wingi. Mawaridi madogo 20 ya rangi ya krimu ndani ya bakuli fupi yanapendeza kuliko makubwa matano yaliyosimama peke yake, na siku hiyo aliniwekea yote mawili mezani nijionee.

Hapo ndipo nilipoona mikono yake ikifanya kazi. Alichukua waridi moja, akalibana kwa vidole viwili chini ya petali, pale kichwa kinapokaa juu ya kikonyo. Likiwa gumu ni jipya, likibonyea limeshakaa siku nyingi hata kama linaonekana zuri. Akavua petali mbili za nje zilizokuwa na michirizi ya kijani na mikwaruzo. Hizo ndizo zilizolinda ua njiani, na kuzitoa ni kazi ya mpambaji. Halafu akazamisha kikonyo ndani ya beseni, akakikata kwa mshazari kikiwa humo humo majini. Kikonyo kikikatwa nje huvuta hewa, hewa inakaa kwenye mrija, maji hayapandi, na kesho yake shingo imeinama. Majani yote ambayo yangezama aliyatoa, kwa kuwa yakioza yanazalisha bakteria wa kuziba kikonyo. Ndoo zake zote zilikuwa zimeoshwa kwa sabuni na jiki. Nilizichungulia moja moja, naye aliniacha nichungulie.

Nilikuwa tayari kumpa kazi siku ile ile, lakini yeye ndiye aliyekataa. Alinitaka kwanza niende kuona harusi nyingine aliyoipamba Jumamosi ile, tena nisiende asubuhi. Niende saa kumi na moja jioni. Asubuhi kila ua ni zuri, alisema. Tazama jioni, baada ya jua na joto la tenti. Nilikwenda, nikajifanya mgeni aliyechelewa. Mawaridi yalikuwa yamefunguka zaidi lakini shingo zimesimama, majani hayajakauka kingo, na maji ndani ya vyombo yalikuwa bado meupe. Kwa yeyote anayetafuta mpambaji, huu ndio mtihani nitakaompendekezea kabla ya mwingine wowote. Albamu ya picha huonyesha dakika moja. Sherehe ya Kiganda huenda mpaka saa nne za usiku.

Sasa kuhusu mwezi. Huku kwetu katikati na kandokando ya ziwa tuna mvua mara mbili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, mara nyingine zikigusa Desemba. Kaskazini, kwa ndugu zetu wa Gulu na Lira, mvua ni moja ndefu, Aprili hadi Oktoba, kisha jua kali. Harusi ya Novemba Entebbe ni harusi ya mvua, na mama wa maua hakulichukulia hilo kama balaa. Alilichukulia kama orodha ya manunuzi. Mvua ikinyesha, helikonia na tangawizi zile za maua mekundu hustawi bustanini kwa watu. Kangaga na majani mapana yanakuwa ya kijani kibichi kisicho na vumbi. Mafunjo ya bwawani yanakuwa na vichwa vilivyojaa. Na huko Kabale, karibu mita 2,000 juu, penye maji mengi na ubaridi, kunakuwa na arumu.

Arumu ndiyo iliyomkamata mdogo wangu. Ni lile ua jeupe lililojikunja mara moja tu, lenye ulimi wa manjano katikati, ambalo kule milimani huota hata kwenye mitaro kando ya mashamba ya viazi. Aliposhika moja tu mkononi, suala la shada likaisha. Kutoka Kabale hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 400, lakini magari ya mboga hushuka kila usiku, na mama wa maua alikuwa na mkulima anayempakilia ndoo zake juu ya kabichi. Aliniambia waziwazi kwamba barabara inaweza kuleta shida, kwa hiyo katika makubaliano yetu tuliandika ni ua gani litachukua nafasi ya arumu kama gari halikufika: mawaridi meupe ya Entebbe, kwa bei yake ya chini, na tofauti inarudi kwa kamati. Sijawahi kuona mwenyekiti wetu akifurahia karatasi kiasi kile.

Mvua huja na adui wake pia. Petali za waridi zikikaa na unyevu hupata ukungu wa kijivu. Unaanza kwa vidoa vidogo vya kahawia, na ndani ya boksi lililofungwa vinaenea usiku mmoja. Novemba hiyo mama wa maua alikataa kununua mawaridi yaliyofungwa kwa plastiki nzito, akayataka ya wazi, na kila fungu alilifungua na kulipuliza kwa mdomo kati ya petali ili aone mpaka ndani.

Bugenvilea alimkatalia mdogo wangu. Mdogo wangu anaipenda, na kuta za Entebbe zimejaa, lakini bugenvilea huchanua vizuri wakati wa kiangazi, na ukiikata hulegea kabla hujafika ukumbini. Njia yake ni kuiweka ikiwa kwenye chungu. Kana, ile inayopandwa kwenye mizunguko ya barabara, nayo aliikataa: inang'aa shambani, lakini ikikatwa petali zake hazimalizi hata siku. Nililipenda sana neno lake la hapana. Lilikuwa na sababu kila mara, na kila mara lilifuatwa na kitu kingine cha kuweka mahali pale.

Swali lake la "watu wa wapi" nililielewa baadaye. Bwana harusi ni Muganda, na mdogo wangu alitaka vyombo vya maua vifungwe kwa lubugo, ile nguo ya magome ya mti wa mutuba. Lubugo ni kitu cha heshima kubwa Buganda. UNESCO iliutambua ufundi wake mwaka 2005. Lakini lubugo pia ndiyo sanda ya wafu. Mama wa maua hakutaka kugusa kitambaa hicho kabla wazee hawajaulizwa. Nikaenda kwa ssenga wa bwana harusi, shangazi yake mwenye sauti katika mambo ya ndoa, nikapiga magoti nikamweleza. Akafikiri, akasema: mbele ya meza kuu, sawa, ni heshima, kwenye meza za kulia chakula, hapana. Tukafanya hivyo hivyo. Siku ya harusi nilimsikia akiwaambia wenzake kwamba watoto hawa waliuliza kwanza, na nilifurahi kuliko sifa yoyote tuliyopewa kwa ajili ya maua yenyewe.

Kwa upande wetu kulikuwa na asumini. Bibi hayupo tena, lakini mama alisisitiza bi harusi wetu awe na kikuba, kile kishada kidogo cha asumini na rehani ambacho wanawake wa pwani hukibana kwenye nywele au kifuani. Mama wa maua hakuwa amewahi kutengeneza, na hakuona aibu kusema hivyo. Akamwachia mama kazi hiyo na kumpa sindano, uzi na ndoo ya maji baridi. Asumini huchumwa jioni ikiwa bado imefumba, kwa sababu hufunguka usiku. Mama na dada zake walikaa barazani Ijumaa jioni wakitunga vitumba, wakavifunika kwa kitambaa chenye unyevu, na asubuhi nyumba nzima ilikuwa inanukia. Rehani tuliongezea majani ya mujaaja, ile ambayo Waganda hutia kwenye chai, na mama wa maua alipoinusa akaomba matawi zaidi, akayachomeka katikati ya mawaridi kwenye kila meza. Mawaridi mengi ya mashambani hayana harufu. Mujaaja iliyapa harufu.

Siku yenyewe ilianza alfajiri, kabla barabara ya Entebbe haijafunga kwa foleni. Arumu zilikuwa zimefika salama. Vikonyo vyake ni laini, na vikikaa majini hupasuka chini na kujiviringisha, kwa hiyo kila kimoja kilikuwa kimezungushiwa utepe mwembamba mwishoni na kuwekwa kwenye maji ya kina kifupi tu. Yakizidi, kikonyo huoza. Helikonia kinyume chake: zilikuwa zimelazwa mzima mzima kwenye beseni kubwa usiku kucha, kwa kuwa kikonyo chake kinavuta maji kidogo.

Kwa vyombo vikubwa hakutumia ile sponji ya kijani wanayochomekea maua. Anaijua vizuri, na alinionyesha kwamba wengi huizamisha kwa nguvu, ikabaki kavu katikati. Inatakiwa iachwe izame yenyewe. Lakini ni plastiki, inavunjika vipande vipande visivyooza, na tenti letu lilikuwa hatua chache kutoka ziwani. Alikunja wavu wa kuku, akausukuma ndani ya vyungu vya udongo, akajaza maji, na maua yakashikwa na matundu yake. Wavu huo huo ameutumia kwenye harusi nyingi. Upande wa ziwa aliweka mafunjo marefu na vyungu vizito, kwa sababu alasiri upepo wa ziwani ni mkali, na vyombo virefu vya kioo vingeanguka juu ya wageni.

Mvua ilinyesha mchana, tukiwa kanisani. Tulipofika bustanini nyasi zilikuwa zimelowa na majani yote yalikuwa yanameta, na wale waliokuwa wamelalamikia Novemba walikuwa wa kwanza kupiga picha. Mjomba alizunguka meza zote mikono nyuma, akagusa waridi moja, akainama akanusa. Kisha akaniita pembeni. "Mwanangu, hii harufu inatoka wapi?" Nikamwonyesha mujaaja. Akatikisa kichwa, akasema ni ile ile ya nyuma ya jiko la mama yake.

Kuhusu hela niseme machache. Tulilipa nusu mwanzoni na nusu siku ya kazi, vyote kwa maandishi, pamoja na saa ya kufika, idadi ya meza, nani anabeba, nani anabomoa na vyombo ni vya nani. Usafiri uliandikwa peke yake, kwa sababu hapo ndipo gharama hujificha. Na kabla ya yote alitutengenezea meza moja ya sampuli, tukailipia. Anayekataa kukutengenezea sampuli hata kwa malipo, mwache. Pia tazama kalenda ya dunia: wiki za kuelekea tarehe 14 Februari mashamba hupeleka karibu kila waridi jekundu Ulaya, na bei ya hapa hupanda. Kama harusi yako ni Februari na unapenda nyekundu, tafuta uzuri kwenye tangawizi nyekundu au uivute rangi kwenye vitambaa. Na Wakatoliki wengi huepuka Kwaresima, hivyo Jumamosi za kabla na baada yake wapambaji wazuri hushikwa mapema sana, wahi.

Maua yaliyobaki yaligawanywa usiku uleule. Mengine yalikwenda altareni kwa ibada ya Jumapili, mengine wodi ya wazazi, na vyungu vya kangaga mama alivichukua. Arumu za shada, mdogo wangu aliziweka juu ya kaburi la bibi.

Binamu yetu anaoa Januari, bustani ile ile, na amemchukua mama yule yule. Mara hii hakuna arumu wala mafunjo kwenye orodha. Januari ni kiangazi, na tangu Oktoba ameshatengewa vyungu vya bugenvilea nyeupe na ya zambarau kwenye kitalu, vinavyonyweshwa kidogo kidogo kwa makusudi, kwa kuwa bugenvilea ikishiba maji huota majani tu. Alipotaka kuongeza mapeoni aliyoyaona kwenye simu, mama wa maua alimuuliza swali lake la kwanza: harusi ni tarehe ngapi?